Watu Themanini na Sita

Sauti ile ilinifikia siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, walimu tukiwa kwenye chai. Ilikuwa ya dakika moja na sekunde arobaini. Nilisikiliza kama sekunde hamsini hivi, simu nimeibana sikioni kwa sababu jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, nikaona nimesikia ya kutosha.

Aliyezungumza alikuwa mwanamke, kwa Kiarabu cha Juba. Alisema watoto wamelazwa baada ya kula karanga za kusaga zilizonunuliwa soko la Konyo Konyo. Muuzaji, alisema, huchanganya karanga zilizooza na mafuta machafu ya mashine. Pamoja na sauti kulikuwa na picha ya mama ameketi nyuma ya beseni la karanga za kusaga, mwavuli wa buluu juu yake, anacheka.

Wiki hiyo wanafunzi wetu watatu walikuwa wameumwa na tumbo. Nikaunganisha mambo mwenyewe. Niliituma sauti pamoja na picha katika kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo mimi ndiye msimamizi wake, na juu yake nikaandika: "Wazazi wapendwa, tafadhali tuwe waangalifu na vyakula vya sokoni. Mwl. Kerubo." Kisha nikamaliza chai yangu, nikaenda darasani kufundisha kompyuta.

Kwetu ni Nyamira, Kenya, na huu ni mwaka wangu wa tano Juba. Nafundisha Kiingereza na kompyuta katika shule ya sekondari huku Atlabara. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mgeni wa mambo haya. Muhula huohuo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi jinsi ya kuupima ujumbe kabla ya kuusambaza. Nani kasema? Amejuaje? Picha imetoka wapi? Nani ataumia ikiwa si kweli? Niliyaandika maswali hayo manne ubaoni, wakayanakili madaftarini. Kwenye mtihani wa katikati ya muhula karibu wote waliyapata.

Mchana ule simu yangu haikutulia. Mikono ya kushukuru, nyuso za machozi, hofu za wazazi. "Asante Madam kwa kuwajali watoto wetu." "Mungu akuzidishie." Sitaficha, nilifurahi. Nilijiona mwalimu wa maana, anayeangalia watoto hata wakiwa nje ya geti.

Alhamisi Rejoice hakuja shuleni. Ijumaa hakuja. Rejoice ni msichana wa kidato cha pili ambaye kila asubuhi hutangulia kufungua madirisha ya chumba cha kompyuta na kupangusa vumbi kwenye meza kabla sijafika, na hakuna aliyewahi kumtuma. Jumatatu kiti chake kilipokuwa bado kitupu nilimwita Charity, rafiki yake wa kuketi pamoja.

"Rejoice anaumwa?"

Charity akatazama viatu vyake. "Haumwi, Madam. Ni ile picha."

"Picha gani?"

"Ile ulituma kwa wazazi. Yule ni mama yake."

Nikatoa simu, nikaifungua ile picha, nikaitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomtazama mtu. Mama mwenye pengo dogo la meno ya mbele, kama la Rejoice. Mikono yake imepakaa karanga hadi viwikoni.

"Lakini waliitoa wapi?" niliuliza, na nilipouliza tu nikaanza kujua.

"Kwetu," akasema Charity. "Ilikuwa kwa ile Kazi za Wazazi Wetu."

Mwezi wa pili niliwapa wanafunzi kazi. Kila mmoja ampige picha mzazi au mlezi wake akiwa kazini, kisha aandike sentensi mbili. Zilikuja picha arobaini na moja. Mimi ndiye niliyezipandisha kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kufika. Katika siku tatu tulipata alama za mioyo zaidi ya elfu mbili. Mwalimu mkuu, Bwana Isaac, aliwaonyesha wageni. Mimi nilikuwa nikiamka naangalia idadi kabla hata sijasali.

Chini ya picha ya mama yake Rejoice alikuwa ameandika: "Huyu ni mama yangu, Yangi. Anasaga karanga Konyo Konyo na ndiye anasomesha mimi." Mtu fulani, na hadi leo sijui ni nani, alikata yale maneno, akabakiza sura, akaiambatanisha na sauti. Na picha niliyoipandisha kwa vidole vyangu iliponirudia, sikuitambua. Sikuwa nimeitazama hata siku ya kwanza. Nilikuwa nahesabu mioyo.

Saa sita na nusu nilipomaliza vipindi nilipanda boda boda hadi Konyo Konyo. Charity alikuwa amenielekeza: upande wa mashine za kusaga, baada ya wauza bamia kavu. Mwavuli wa buluu niliuona kwa mbali. Kulikuwa na watu wengi wakipita, lakini mbele ya mwavuli ule hakusimama hata mmoja. Karanga zilikuwa zimekaa beseni zima bila kuguswa, mafuta yameelea juu.

"Karibu, Madam," Yangi aliniambia kabla sijasema neno. Alinivutia kigoda. "Wewe iko mwalimu ya Rejoice. Mimi najua wewe. Mtoto anasema wewe kila siku."

Kiswahili chake ni kile cha watu waliokulia ukimbizini Uganda, alichojifunza kwa wafanyabiashara na wanajeshi karibu na Adjumani. Niliketi. Hakujua ni mimi. Akaanza kunisimulia kwa utulivu, kama mtu anayemweleza daktari. Tangu Jumanne watu hawanunui. Mtu anamwangalia yeye, anaangalia beseni, anapita. Jumatano mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yake. Alhamisi mtu alipiga teke beseni dogo, karanga zikamwagika mavumbini, na watu wakacheka. Jirani mmoja ndiye aliyemwonyesha Rejoice ile picha kwenye simu. Mtoto alilia, akakataa shule.

"Wanasema mimi iko kwa simu," akasema. "Lakini mimi haina hiyo simu ya picha. Mimi iko na hii." Akatoa kwenye mfuko wa nguo simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira.

"Mama Rejoice," nikasema, "ni mimi niliyeituma."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, kazi ya picha, ukurasa, kundi la wazazi, yale maneno yangu ya juu. Nilitaka kuomba msamaha katikati ya maelezo lakini alininyooshea kiganja. "Kwanza mimi nasikia."

Nikaiwasha sauti, nikaongeza, nikamsogezea simu. Tulisikiliza pamoja vichwa vyetu vikikaribia kugusana. Sekunde hamsini zikapita, tukaingia kwenye sehemu ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikia. Mwanamke yule alirudia habari za mafuta ya mashine, akataja hospitali bila jina, akawaombea watoto. Halafu mwisho kabisa, sauti imeshuka, akasema: "Mimi sikuona kwa macho yangu. Nimeambiwa tu. Labda ni kweli, labda si kweli."

Kumbe yalikuwemo. Yalikuwemo tangu Jumanne.

Yangi aliomba nirudie. Nikarudia. Akasikiliza hadi mwisho mara ya pili, akatikisa kichwa.

"Hiyo mama hajui mimi. Anaongea tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, ulituma kwa watu ngapi?"

"Themanini na sita."

Alichukua kitambaa, akalifunika beseni polepole, akakunja pembe zake moja baada ya nyingine. Nilisema, "Nisamehe." Alisema, "Malesh, malesh," kama mtu anavyomwambia aliyejikwaa. Lakini hakunitazama. Baadaye akasema:

"Enda kwa hao themanini na sita. Mmoja mmoja. Hiyo ya kuandika kwa wote pamoja, mtu anaona, anapita."

Sikumsikia vizuri, au sikutaka kumsikia. Jioni ile niliandika masahihisho marefu katika kundi la wazazi. Nikasema ujumbe wa Jumanne haukuwa na ukweli, muuzaji ni mtu mwaminifu, kosa ni langu. Ule wa uongo ulikuwa umepata majibu hamsini na matatu. Huu wangu ulipata vidole gumba vinne, na chini yake mzazi mmoja akauliza sweta za shule zitafika lini.

Hapo nikaelewa kwamba Yangi, ambaye hajawahi kuingia kwenye kundi lolote la simu, alikuwa anayajua makundi kuliko mimi.

Asubuhi niliingia ofisini kwa Bwana Isaac. Ni mtu mpole, naye alisomea Uganda, akarudi akaijenga shule hii darasa kwa darasa. Nilipomweleza alivua miwani, akajisugua macho.

"Mwalimu, futa ile kitu na unyamaze," akasema. "Watu wamesahau. Ukianza kupigia wazazi simu, watasema shule inaeneza uongo. Wengine watatoa watoto."

"Hawajasahau, sir. Nilikuwa sokoni jana."

"Wewe ni mgeni hapa. Mtu akikasirika, hasira itaanzia kwako."

Nilijua hilo. Nilimwambia nitapiga kwa simu yangu, na nitasema ni Kerubo aliyekosea, si shule. Alivaa tena miwani yake. Hakunikubalia wala hakunikataza.

Nikaanza na herufi ya kwanza ya orodha. Nilipiga wakati wa mapumziko na baada ya masomo, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za chumba cha kompyuta ambako mtandao huwa na nguvu. Nilidhani ingekuwa kazi ya siku mbili. Ilichukua kumi na moja. Namba nyingine zilikuwa za Kampala, nyingine Khartoum, moja ilikuwa ya baba aliyeko Melbourne ambaye kwake palikuwa alfajiri. Alinisikiliza kwa upole, akaniuliza mwanawe anaendeleaje na hesabu. Mmoja alinikatia simu. Mwingine alisema, "Hakuna moshi bure, Madam," na sikuweza kumgeuza, ingawa nilijaribu mara mbili.

Aliyenifungua macho zaidi ni mzazi kutoka Kenya kama mimi, Immaculate, anayefanya kazi hotelini. "Haki hiyo stori nilikuwa nimeisahau kabisa," alisema akicheka.

"Na karanga za Konyo Konyo bado unanunua?"

Akaacha kucheka. "La. Niliacha tu. Hata sikumbuki kwa nini."

Maneno yale nilitembea nayo siku nzima. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba uongo unaaminiwa. Sikuwa nimewafundisha kwamba hauhitaji hata kuaminiwa. Unasahauliwa, na hofu yake inabaki, imekaa mahali ambapo mtu hawezi kuiona ili aiondoe.

Siku ya sita nilifika kwenye namba ya Bwana Jubek, mzee wa kanisa kule New Site. Alisikiliza, akaguna.

"Madam, hii ni ngumu. Mimi niliisoma kanisani. Kwa matangazo, baada ya sadaka. Nilisema imetoka kwa mwalimu."

Imetoka kwa mwalimu. Yule mwanamke wa kwenye sauti alikuwa amesema labda. Mimi ndiye niliyeiondoa ile labda, kwa kuweka jina langu juu yake.

"Naweza kuja Jumapili?" niliuliza.

"Njoo. Nitakupa nafasi hiyohiyo ya matangazo."

Kabla ya kwenda nilirudi kwa Yangi kumuuliza. Safari hii nilitaka kuuliza kwanza. Nilimwambia nitasimama mbele ya kanisa, je, angependa kuja nami?

"Hapana. Mimi haitaki watu waangalie mimi tena."

"Je, nikutaje jina?"

Alifikiri. "Usiseme jina. Sema mama wa karanga wa mwavuli. Wao wenyewe wanajua."

Basi Jumapili nilisimama. Kanisa ni la mabati, joto kali, watu wanajipepea kwa vipande vya katoni. Nilisema kwa Kiswahili, Bwana Jubek akatafsiri kwa Kibari na kwa Kiarabu. Nilisema ujumbe ule niliutuma mimi, sikuusikiliza mpaka mwisho, sikumjua niliyekuwa namsema, na mama yule wa mwavuli hajafanya kosa lolote. Watu hawakupiga makofi wala hawakuguna. Mwanamke mmoja wa mbele aliinamisha kichwa, na nilipokuwa natoka alinishika mkono, akasema kwa Kiarabu kwamba ni yeye aliyetema mate. Nami sikumwuliza jina.

Jumatatu nilimkuta Bwana Isaac kwenye ngazi zangu, na ile orodha mkononi. Nilikuwa nimeiacha kwenye meza ya walimu.

"Hawa kumi na mmoja," alisema, akionyesha kwa kalamu, "hawajui Kiswahili, na Kiingereza chao ni cha salamu tu. Ulikuwa unaongea nao vipi?"

"Vibaya, sir."

"Niachie. Nitawapigia kwa Kibari." Akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka: "Nitawaambia ni shule, Mwalimu. Ukurasa ni wa shule. Na wale wageni niliwaonyesha mimi."

Rejoice alirudi Jumatano ya wiki hiyo. Hakufungua madirisha. Alikwenda kuketi mstari wa nyuma, mbali na Charity, akaweka begi kwenye kiti cha pembeni ili asiketi mtu. Nilikuwa nimemwomba ruhusa siku iliyotangulia, kupitia mama yake, nizungumze darasani juu ya jambo hili. Alijibu kwamba nizungumze, ila nisimwulize yeye chochote.

Sikuandika maswali manne ubaoni. Nilisimulia. Nilipofika mahali pa kubonyeza kutuma, Lokosang, kijana anayependa kubishana, aliinua mkono.

"Madam, wewe unajua haya mambo yote. Sasa ulipobonyeza ulisikia vipi ndani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo.

"Nilisikia vizuri," nikasema. "Hiyo ndiyo kweli. Nilijisikia mtu mwema. Nilidhani nawalinda ninyi. Kama ningesikia vibaya, ningesita."

Nikawauliza ni nani wengine waliisambaza. Nikasema hakuna adhabu, na asiyetaka asiseme. Ukapanda mkono mmoja, halafu mitatu, halafu mingi. Nilihesabu kumi na sita. Wa kumi na saba ulichelewa sana kupanda, tena nusu tu, usawa wa sikio. Ulikuwa wa Charity.

Rejoice aliuona. Wote tulimwona akiuona.

Wakati wa mapumziko niliwatazama kupitia dirishani. Charity alikuwa amesimama kwenye bomba la maji, Rejoice mbele yake, mikono imekunjwa. Rejoice ndiye aliyekuwa anasema. Charity alikuwa analia bila kujifuta. Nilitaka kutoka niende kuwapatanisha, nikafika mpaka mlangoni, nikarudi kuketi. Hadi leo wanakaa madawati mbalimbali, ingawa juzi niliwaona wakitoka getini pamoja.

Wateja wa Yangi wamerudi, si wote. Yeye mwenyewe huniambia ni kama nusu na kidogo, na kwamba wapya hawajui lolote, ndio anaowapenda zaidi. Picha nimeifuta kwenye ukurasa wa shule na nimewaomba wote niliozungumza nao waifute. Rejoice aliponiuliza kama imekwisha kabisa, nilimjibu kwamba kwetu imekwisha, kwingine siwezi kujua. "Najua hivyo," alisema. Sikupenda kwamba alijua.

Muhula huu tumeanza tena ukurasa, kwa utaratibu mwingine. Mwanafunzi anayetaka kuleta picha lazima amwonyeshe aliye kwenye picha, amweleze kwamba itaonekana na watu asiowajua, kisha alete jibu. Yamekuja majibu mengi ya hapana, na ukurasa umepungukiwa mioyo. Bwana Isaac hajalalamika.

Rejoice aliniletea jibu lake Ijumaa, baada ya kengele.

"Mama amesema hapana."

"Sawa. Mwambie nimesikia."

Hakuondoka. "Amepata simu ya picha. Mjomba amemwachia ya zamani. Anataka kutuma sauti kwa mama mdogo kule Arua. Nimemwambia mimi naweza kumfundisha."

"Unaweza. Wewe unaijua kuliko mimi."

"Nimemwambia hivyo." Akavuta mkanda wa begi begani. "Amesema anataka wewe."

Nilikwenda Jumamosi saa tisa, jua likiwa bado kali, tukakaa chini ya mwavuli yeye, mimi na Rejoice. Nilimwonyesha pa kubonyeza na jinsi ya kuachilia. Mara ya kwanza aliongea na simu akiwa hajabonyeza chochote, Rejoice akaangua kicheko hadi akaegemea gunia. Mara ya pili akabonyeza sawasawa, akamsalimia dada yake kwa Kibari kwa dakika nne nzima, akataja kila mtu wa nyumbani, mwingine mara mbili. Mteja alikuja akataka karanga, akaambiwa kwa mkono asubiri.

Alipomaliza hakutuma. Alinirudishia simu.

"Kwanza tusikie," akasema.

Tukasikiliza dakika zote nne. Kisha akaichukua, akatuma mwenyewe.